Binti wa Ifo na Saa ya Mtihani wa Famasia

Wiki hii safu yetu inatoka pwani na kuelekea kaskazini mashariki, hadi Ifo katika kaunti ya Garissa. Ndiko lilikotoka swali ambalo, kwa hakika, linazihusu nyumba nyingi za Mombasa, Lamu na Malindi pia.

Mama mmoja mkaazi wa Ifo ametuandikia kuhusu binti yake. Binti amemaliza diploma ya teknolojia ya famasia na sasa anajitayarisha kwa mtihani wa leseni. Dawa anazijua, ukimtajia jina atakueleza kazi yake na madhara yake bila kusita. Lakini kila ajipimapo nyumbani, saa humwishia akiwa katikati ya maswali ya kisa, yaani yale yanayoanza kwa habari ndefu ya mgonjwa, umri wake, maradhi yake, dawa anazotumia na majibu ya maabara, kisha yakafuatia maswali matatu au manne. Mama huyo anauliza mambo mawili. Binti afanye nini ili asishindwe na saa? Na yeye mama, ambaye hakusoma famasia, amsaidie vipi?

Tumelichukua swali hili kwa uzito, na tumewasikiliza watu wa fani hiyo kabla ya kushika kalamu.

Kwa nini mtihani huu ni mzito

Nchini Kenya, anayetaka kuwa mfamasia husoma chuo kikuu miaka mitano, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja. Anayesomea diploma ya teknolojia ya famasia husoma miaka mitatu. Wote wawili, baada ya masomo, husimama mbele ya Bodi ya Famasia na Sumu, chombo kilichowekwa na Sura ya 244 ya sheria za Kenya, kabla ya kuandikishwa na kuruhusiwa kutoa dawa. Cheti cha chuo pekee hakimfungulii mtu dirisha la dawa.

Kwa mabinti wa Ifo jambo hili lina uzito zaidi. Ifo ndiyo kambi ya kwanza ya Dadaab, iliyofunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Somalia. Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Watoto waliozaliwa huko miaka ile leo ni watu wazima wenye watoto wao. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imetaja haki ya mkimbizi kufanya kazi ya taaluma aliyo na sifa zake, maadamu sifa hizo zinatambuliwa na mamlaka za Kenya. Kwa hiyo leseni ni hatua ya lazima baina ya elimu aliyoipata binti na kazi anayoitamani. Hali kadhalika, binti wa wenyeji wa Garissa anayetaka kurudi kuhudumu kwao hana njia nyingine.

Faida yake si ya familia moja tu. Mwanamke wa Kisomali mwenye maradhi ya kike akimkuta dirishani dada anayemwelewa lugha, atasema yote anayoyaficha mbele ya mwanamume. Na dawa nzuri huanza kwa habari kamili.

Wala kuwatahini watoaji wa tiba si jambo geni katika historia ya Waislamu. Waandishi wa tarikh za matabibu wamehifadhi habari ya Baghdad mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia. Khalifa al-Muqtadir alipata habari kwamba mgonjwa amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru asitibu mtu yeyote mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit bin Qurra, na inasimuliwa kuwa waliotahiniwa katika mji huo walizidi 860. Sababu ya mtihani ilikuwa mgonjwa wakati ule, na ndivyo ilivyo leo.

Wezi wanne wa wakati

Mwanafunzi anayeishiwa na muda hujiambia: mimi ni mzito wa kusoma, lazima nisome mbio. Hapo ndipo anapopotea. Asomaye mbio huruka uzito wa mtoto, huruka neno moja la mimba, kisha hulazimika kurudi juu na kusoma upya. Muda hauokolewi kwa mbio. Huokolewa kwa kujua unachokitafuta kabla hujaanza kusoma.

Wakati wa mtahiniwa huibwa mahali panne. Wa kwanza ni kusoma: anasoma kisa mara mbili au tatu. Wa pili ni kukumbuka: anajua kwamba anajua, lakini jibu haliji. Wa tatu ni kukokotoa: hesabu inamchukua dakika nyingi kuliko inavyostahili. Wa nne ni shaka: amekwisha kuchagua jibu, anafuta, anachagua jingine, anarudia la kwanza.

Kila mwizi ana dawa yake, na dawa ya mmoja haimponyi mwingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya binti ni kumtambua mwizi wake. Achukue visa kumi, aweke saa mezani, na baada ya kila kisa aandike dakika alizotumia na mahali zilipokwenda: K kwa kusoma, M kwa kumbukumbu, H kwa hesabu, S kwa shaka. Akifika kisa cha kumi ataona herufi moja imejirudia kuliko nyingine. Huyo ndiye wa kushughulikiwa kwanza.

Swali kwanza, kisa baadaye

Watu wengi husoma kisa tangu neno la kwanza hadi la mwisho kama hadithi, ndipo washuke kwenye swali. Wakifika huko hugundua kwamba kilichoulizwa kilikuwa katika mstari wa tano, na mstari wa tano wameusahau. Geuza utaratibu huo.

Kwanza, soma maswali yote yaliyofungwa na kisa hicho, pamoja na majibu ya kuchagua kama yapo. Pili, jiulize: ili nijibu hili nahitaji kujua nini? Uzito? Umri? Dawa nyingine anazotumia? Tatu, ingia kwenye kisa na ukisome mara moja tu, kwa utulivu, ukipigia mstari vile ulivyovihitaji.

Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Kisa kina maneno 200, na binti husoma maneno 100 kwa dakika kwa sababu Kiingereza cha mtihani si lugha ya nyumbani kwao. Akisoma mara mbili ametumia dakika 4; akisoma mara moja ametumia 2. Katika visa kumi ameokoa dakika 20, naye hakukimbia hata kidogo.

Anaposoma kisa, awe na orodha fupi ya kudumu ambayo jicho lake huitafuta kila mara: umri, uzito, jinsia, mimba au kunyonyesha, mzio wa dawa, hali ya figo na ini, na dawa anazotumia mgonjwa, pamoja na zile alizonunua mwenyewe sokoni na za mitishamba. Orodha hii akiizoea, jicho litazikamata habari hizo bila kuambiwa.

Aghlabu kitu kimoja katika orodha hiyo hulikata swali zima. Mathalan, mwanamke mwenye shinikizo la damu anatumia enalapril, na katikati ya habari ndefu imetajwa kwamba ana mimba ya miezi mitatu. Swali linauliza ni dawa gani ibadilishwe. Aliyeiona mimba hahitaji kusoma tena: enalapril humdhuru mtoto tumboni, na katika majibu atatafuta dawa iliyozoeleka kwa wajawazito kama methyldopa. Ambaye hakuiona ataanza kulinganisha vipimo vya presha, na dakika zinakwenda.

Kisa kimoja, hatua kwa hatua

Tufanye mazoezi pamoja. Kisa hiki tumekitunga wenyewe kwa sura ya vile vinavyotahiniwa.

Mama wa miaka 60, mkaazi wa Ifo, ana uzito wa kilo 54. Ana kisukari kwa miaka minane na shinikizo la damu kwa miaka mitano. Anatumia glibenclamide na enalapril. Kwa wiki tatu sasa goti linamuuma, na amekuwa akinunua ibuprofen katika duka sokoni bila kumwambia daktari. Aliwahi kuvimba midomo baada ya kupewa penisilini. Kreatinini katika damu yake ni mikromoli 133 kwa lita. Ramadhani imebakiza wiki mbili, naye anataka kufunga.

Maswali ni matatu. La kwanza: uwezo wa figo zake kusafisha kreatinini ni kiasi gani? La pili: katika dawa anazotumia, ni ipi asimame nayo kwanza kwa ajili ya figo? La tatu: ni dawa gani inayotia hofu zaidi ya sukari kushuka atakapofunga?

Ukiyasoma maswali kwanza, unajua tayari unachotafuta: umri, uzito, jinsia, kreatinini, na majina ya dawa. Muda wa maradhi yake, miaka minane na mitano, haukuulizwa. Mzio wa penisilini haukuulizwa popote. Upigie mstari kwa sababu katika maisha ni jambo la kuokoa roho, kisha uuache, usikae kuufikiria.

Swali la kwanza ni la kanuni maarufu ya Cockcroft na Gault: toa umri katika 140, zidisha kwa uzito wa kilo, gawanya kwa 72 mara kreatinini, na kwa mwanamke zidisha kwa 0.85. Hapa pana mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kipimo: kanuni hii inataka kreatinini kwa miligramu kwa desilita, ilhali kisa kimeandika kwa mikromoli kwa lita. Gawanya 133 kwa 88.4, utapata takriban 1.5. Mtego wa pili ni ile 0.85 ya mwanamke.

Sasa tazama namna ya kuokoa muda katika hesabu yenyewe. Usizidishe 80 kwa 54 ukapata 4,320, kisha ukatafuta 72 mara 1.5, kisha ukagawanya. Punguza kwanza. Uzito 54 juu ya 72 ni robo tatu. Robo tatu ya 80 ni 60. Gawanya 60 kwa 1.5, ni 40. Zidisha 40 kwa 0.85, ni 34. Jibu ni mililita 34 kwa dakika, nawe umefika bila kikokotoo. Na ukiona miongoni mwa majibu imewekwa 40, tambua kwamba imewekwa makusudi kumngoja aliyesahau kuwa mgonjwa ni mwanamke.

Swali la pili: ibuprofen. Jamii hiyo ya dawa za maumivu huzielemea figo, na huzielemea zaidi zikikutana na enalapril kwa mgonjwa ambaye figo zake tayari ni dhaifu. Swali la tatu: glibenclamide, kwa sababu husukuma kongosho kutoa insulini hata kama tumbo ni tupu, na figo zikiwa dhaifu athari yake hukaa mwilini muda mrefu zaidi.

Anayefuata utaratibu huu humaliza kisa hiki kwa dakika chache. Akina mama mnaosoma na ambao mna kisukari, hapa tunataja mambo haya kwa ajili ya mafunzo ya mtihani. Asiache mtu dawa wala asibadilishe dozi kwa kusoma gazeti. Kabla ya Ramadhani mwendeeni daktari wenu mapema.

Yasiyohitaji kufikiriwa

Mwizi wa pili, yule wa kumbukumbu, hashindwi chumbani mwa mtihani. Hushindwa miezi kadhaa kabla. Yapo mambo ambayo mtahiniwa hapaswi kuyafikiria kabisa. Yanatakiwa yatoke ulimini kama jina la mama yake. Katika mazingira ya Garissa na kambi za Dadaab, mambo hayo ni yale ya maradhi ya kila siku.

Malaria isiyo kali: vidonge vya artemether na lumefantrine vya 20/120 hutolewa kwa uzito. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge kimoja kwa kila dozi. 15 hadi chini ya 25, viwili. 25 hadi chini ya 35, vitatu. 35 na kuendelea, vinne. Dozi ni sita kwa siku tatu, ya pili ikiwa saa 8 baada ya ya kwanza, nazo hunywewa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Kwa hiyo mtoto wa kilo 10 anahitaji vidonge 6 kwa jumla, hata kisa kikikusimulia habari za kaka yake mwenye surua na safari yao kutoka Garissa.

Kuhara kwa watoto: maji ya chumvi na sukari ya vifuko, pamoja na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa mtoto aliyezidi miezi sita na miligramu 10 kwa aliye chini yake, siku 10 hadi 14. Kifua kikuu: rifampicin hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa na hupunguza nguvu za dawa nyingi, vikiwamo vidonge vya kupanga uzazi, isoniazid hupewa vitamini B6 kama mwenza ili kulinda mishipa ya fahamu.

Namna bora ya kuyashika haya ni kuyaandika katika kadi ndogo, swali upande mmoja na jibu upande wa pili, na kuulizwa na mtu. Atakayeuliza si lazima awe msomi wa dawa. Hapa ndipo mama wa Ifo anapoingia, nasi tutamrudia.

Maneno yanayogeuza swali

Mtihani ni wa Kiingereza. Binti anayefikiri kwa Kisomali au kwa Kiswahili hutumia sekunde za ziada kufasiri. Sekunde hizo hupungua kwa mazoezi ya kusoma visa kwa sauti, kimoja kila siku, mpaka maneno ya kitabibu yawe mepesi.

Lakini yapo maneno machache ambayo hata mjuzi wa lugha huyaruka: yale yenye maana ya isipokuwa, ya kwanza, iliyo bora zaidi, isiyofaa kabisa, na kwa sasa. Swali likiuliza hatua ya kwanza, majibu matatu yanaweza kuwa sahihi yote, lakini moja tu ndilo la kutangulia. Likiuliza isiyofaa, jibu zuri ndilo baya. Kila uonapo neno la namna hii, lizungushie duara kabla hujatazama majibu. Duara hilo huchukua sekunde moja na huokoa alama nzima.

Kuhusu mwizi wa nne, shaka, weka kanuni: jibu halibadilishwi illa umegundua habari mpya ndani ya kisa, au umeona kosa la wazi katika hesabu. Moyo kutotulia peke yake si sababu. Likikushinda, ondoa majibu yasiyowezekana, chagua lililobaki, litie alama, songa mbele. Muda ukibaki utarudi. Ila soma maagizo kwanza kujua kama kuna adhabu ya jibu baya, na kama kurudi nyuma kunaruhusiwa.

Mgao wa dakika

Kila bodi ina utaratibu wake, na mtahiniwa asome tangazo la mtihani wake mwenyewe badala ya kusikiliza habari za waliotangulia. Hata hivyo, hesabu ya mgao ni moja popote. Chukua dakika zote za mtihani, toa dakika za kupitia upya, gawanya zilizobaki kwa alama.

Tuseme karatasi ni ya saa 3 na alama 100. Dakika ni 180. Weka kando 15, zimebaki 165. Kila alama inastahili dakika moja na nusu na ushei. Kisa cha alama 8 kinastahili dakika 13, si 25. Andika pembeni mwa kila kisa saa ambayo unapaswa kuwa umekimaliza, nawe hutashangazwa na kengele.

Wapo jamaa wa Ifo waliohamia Marekani ambao watoto wao huenda wakafanya mtihani wa huko uitwao NAPLEX. Huo una maswali 225 kwa saa 6, sawa na sekunde 96 kwa kila swali, na haumruhusu mtahiniwa kulirudia swali alilokwisha kulipita. Anayejizoeza mgao wa dakika leo Ifo amejizoeza kwa huko pia.

Na kama maswali yanataka maelezo ya kuandika, usiandike insha. Andika vichwa vitatu: tatizo ni nini, linatokana na nini, lifanywe nini. Chini ya kila kichwa weka hoja fupi. Msahihishaji hutafuta hoja; maneno ya kupamba humchosha yeye na kukuibia wewe.

Sehemu ya mama, baba na ndugu

Sasa tumrudie mama aliyetuandikia. Mama yangu, usidhani huna la kufanya kwa sababu hukusoma famasia. Wewe ndiye mwenye funguo za wakati wa binti yako.

Tunajua maisha ya Ifo yalivyo. Kuna foleni ya maji, kuna siku za mgao wa chakula, kuna kuni, kuna wadogo wa kuoshwa na kulishwa, kuna joto la mchana lisiloruhusu mtu kufikiri. Na katika nyumba nyingi, kazi hizo zote humwangukia binti, hata awe na diploma. Kaka yake akijitayarisha kwa mtihani huambiwa akapumzike; yeye huambiwa amalize vyombo kwanza. Kisha tunamuuliza kwa nini saa inamshinda.

Kisa kirefu hakisomwi vipande vipande. Anayeitwa mara tano ndani ya saa moja hajapata saa moja. Amepata dakika kumi kumi ambazo kila moja huanza kwa kukumbuka alikuwa wapi. Kwa hiyo tunaomba jambo moja kwa kila nyumba yenye mtahiniwa: mpeni saa mbili zisizoguswa kila siku. Baada ya sala ya alfajiri ndio wakati mzuri, kabla ya jua kupanda. Katika saa hizo asiitwe kwa maji, wala kwa mtoto, wala kwa mgeni. Baba atangaze hilo mwenyewe mbele ya watoto wote, ili liwe kanuni ya nyumba na lisiwe ombi la binti. Kaka ashike ndoo.

Pili, muulize zile kadi. Kama husomi Kiingereza, kaka au dada yake mdogo wa shule atasoma swali, nawe utazama saa. Akichelewa zaidi ya sekunde kumi, kadi irudi chini ya rundo. Dakika 15 baada ya Isha zinatosha.

Tatu, mara moja kwa wiki mpeni mtihani mzima wa nyumbani: muda kamili, bila simu, bila chai ya katikati. Mwili nao hujifunza kukaa.

Nne, shughulikieni safari mapema. Kutoka Dadaab hadi Garissa ni kama kilomita 100, na Nairobi iko mbali zaidi. Kwa mkimbizi kuna kibali cha kutoka kambini, nacho hakipatikani kwa siku moja. Kiombwe mara tu tarehe inapotangazwa, na binti afike mji wa mtihani siku mbili kabla, alale kwa jamaa anayeaminika. Aliyefika usiku wa manane akiwa na vumbi la njia hataona uzito wa mtoto katika mstari wa tano.

Neno la mwisho kwa mabinti

Binti yangu, utaratibu huu wote, swali kwanza, kisha mgonjwa ni nani, kisha anatumia nini, usidhani ni hila ya kupitia mtihani halafu uutupe. Siku utakayosimama katika duka la dawa, mathalan katika soko la Bosnia pale Ifo, watu kumi wamejipanga mbele yako na mtoto analia, saa itakubana kuliko chumbani mwa mtihani. Atakuja mama na karatasi ya daktari, nawe utakuwa na dakika mbili. Utamuuliza: mtoto ana kilo ngapi? Una mimba? Kuna dawa ilikudhuru kabla? Unakunywa nini kingine? Maswali manne, na huenda moja likazuia msiba ambao hakuna atakayejua kwamba uliuzuia.

Mwenda pole hajikwai, walisema wazee. Pole yao ni ya kujua unapokanyaga, na mtu wa namna hiyo hufika mapema kuliko mwenye mbio. Tunawaombea mabinti wote wanaojitayarisha, wa Ifo, wa Garissa na wa pwani yetu, Mwenyezi Mungu awafungulie na awajaalie elimu yenye manufaa kwa wagonjwa wao.

Wenye maswali kuhusu masomo na malezi waendelee kutuandikia. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.